Kuku wangu na wa shangazi uwanja mmoja: wadau wa Tanga mnawaunganishaje?

#1 Pora wa Pongwe (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu.

Niko Pongwe hapa Tanga. Nina kuroila, wale kuku chotara, thelathini na ushei, wanalala banda la tofali, mchana nawaachia shambani kwenye minazi na michungwa. Uzio upo upande wa barabara tu, kwingine ni michongoma.

Sasa shangazi yangu anahama Maramba kuja kukaa na sisi, na kuku wake anakuja nao. Nilimshauri awauze hukohuko, tutanunua wengine hapa. Jibu alilonipa siwezi kuliandika mbele za watu. Ni wa kienyeji wa kila namna: vishingo wasio na manyoya shingoni, vidimu wa manyoya yaliyojikunja, yupo mwenye vifaranga, na kuna jogoo mmoja wa kuchi, ile mbegu ya kupigana, anaitwa Bwana Mkubwa ambaye watoto wa kule wanamkimbia.

Banda lao nimeanza kulijenga upande wa pili wa shamba, la miti na makuti. Ila uwanja ni mmoja, hilo halina ujanja. Kuna wanaoniambia niwafungulie tu, watapigana wakichoka watazoeana. Wengine wanasema niwaingize usiku. Jirani ananishauri niwapake wote siki wanuke sawa. Shangazi naye ana masharti mawili: mbegu yake ya kuchi isipotezwe na "hao kuku wa dukani", na mayai yake yasiliwe na watu wengine.

Nasubiri uzoefu wenu, hasa wa huku pwani.

#2 Tangamano

Nimetandika mkeka. Shangazi apewe heshima yake.

#3 Kuchi Damu

Kaka, majogoo yako ya kuroila umeshayaaga? Kuroila ana mwili, kuchi ana shughuli. Ukiwafungulia pamoja siku ya kwanza, Bwana Mkubwa hachukui muda. Na ubaya wa kuchi ni kwamba jogoo wa kawaida akishindwa anakimbia na mambo yanaisha, kuchi anamfuata mpaka uvunguni.

#4 Mashudu

Kijana, habari ya kupigana iweke pembeni kwanza. Kuku wakipigana unawaona na unawaamua. Mimi nimezunguka na boksi la chanjo vijiji vya Mkinga na Muheza mpaka nikastaafu, na mabanda niliyoyakuta matupu hayakumalizwa na jogoo.

Kuku wa shangazi watafungwa miguu, watawekwa kwenye tenga juu ya keria, watakaa na kuku wa abiria wengine, watapigwa jua. Kuku aliyechoshwa hivyo, ugonjwa aliokuwa ameuficha unatoka. Wakifika wasikanyage uwanja wako wiki tatu hadi nne. Hilo banda la makuti lizungushie wavu mbele, washinde humo. Kideri, yaani Newcastle, kikimwingia kuku, dalili huonekana ndani ya siku 2 mpaka 15, mara nyingi siku ya tano au ya sita, kwa hiyo muda huo unatosha kukiona. Wewe na watoto mkitoka kuwahudumia hao wageni msiende moja kwa moja kwa kuroila. Anza na kuroila, malizia na wageni, na kandambili za huko zibaki huko.

Karantini lakini inakamata ugonjwa unaojitokeza tu. Kuku aliyekwisha pona haimkamati. Chukua mafua makali, yale ya uso kuvimba, jicho kuziba na harufu inayokutoa bandani. Kuku akipona anabaki na vijidudu vyake, anadonoa vizuri, upanga mwekundu, na miezi baadaye anawaangusha wenzake. Homa ya matumbo ni vilevile, tena hiyo inapita hadi kwenye yai na kifaranga anazaliwa nayo. Kwa hiyo kaa na shangazi, muulize taratibu: kuna waliowahi kuvimba uso wakapona? Kuna waliokufa wakiharisha kijani na njano? Akisema wapo, basi ushauri wangu ni kugawa shamba kwa wavu na kila kundi libaki kwake, hata ukionekana mkorofi.

Na usiwaone wageni tu kuwa ndio wachafu. Kuroila wako, kama walitoka kwa watotoleshaji wanaojielewa, walichomwa chanjo ya mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, siku waliyoanguliwa. Chanjo hiyo inamkinga kuku asiugue, haimzuii kubeba virusi na kuvitoa kwenye vumbi la manyoya. Wako wataonekana wazima, halafu vifaranga vya shangazi visivyochanjwa ndivyo vitakavyokuja kuburuta mguu mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kideri sasa. Pata chanjo ya I-2 ya tone la jicho. Kuku wote wa pande mbili siku moja, kila mmoja tone moja, kifaranga kwa jogoo, na mnarudia kila baada ya miezi mitatu. Wageni wape siku chache wapumzike kwanza, na mgonjwa usimchanje. Toka siku ya chanjo hesabu angalau wiki mbili ndipo uwaze kuwafungulia.

#5 Pora wa Pongwe

Mzee Mashudu shikamoo, na asante sana. Nimempigia shangazi. Kasema kuku wake hawajawahi kuumwa "mafua ya kizungu". Nilipouliza vizuri akakiri masika yaliyopita vifaranga vilitoka vipele usoni, vingine vikafa, vingine vikapona.

#6 Mashudu

Marahaba. Hiyo ni ndui. Aliyepona ndui ana kinga yake, huyo hanipi wasiwasi sana. Shida ni wako ambao hawajaiona. Ndui inabebwa na mbu na inakaa kwenye magamba ya vile vidonda yanayodondoka chini. Wachanje kuroila kwenye ngozi ya bawa kabla vuli haijaleta mbu, kisha baada ya wiki moja kagua pale ulipochoma. Ukikuta kipele kidogo chanjo imeshika. Usipokuta kitu, rudia.

#7 MamaChaza

Naongezea kwa Mzee, maana watu wananunua chanjo wakaimwaga bure. Hilo tone mkifanya wawili ndio raha. Mmoja anamlaza kuku ubavu kwenye mapaja, kichwa kimetulia, jicho moja linatazama juu. Wa pili anashika kichupa wima, sio kukilaza, maana kikilala tone linatoka dogo. Tone likigusa jicho usimwachie! Subiri apepese, uone limezama. Kuku akikurupuka akapangusa kichwa bawani umechanja hewa. Kichupa kisikae juani, na kikishafunguliwa kimalize siku hiyohiyo.

Wanaopenda kuchanja kwa maji ya kunywa, maji ya bomba yana klorini na klorini inaua chanjo. Tumieni ya kisima au ya mvua. Ila kwa kuku wanaozurura shambani mimi maji siyaamini, kuna atakayekunywa kwenye dimbwi la umande akashiba.

Na kichupa kimoja ni dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja. Mtoa mada ita majirani siku hiyo mchangie. Kuku wao na wako wanakutana michongomani kila siku, hiyo michongoma haimzuii kuku wala kideri.

#8 Chaki na Jembe

Nijibu la siki na la usiku.

Siki haina kazi. Kuku hamtambui mwenzake kwa harufu, anamtambua kwa macho, na anachotazama hasa ni kichwa: upanga, ndevu, rangi ya uso. Ukimpaka siki utapata kuku wale wale wanaojuana kuwa ni wageni, ila wamelowa.

Huu mpangilio wa nani anamdonoa nani uliandikwa kisayansi miaka ya 1920 na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni. Kila kuku anajua aliye juu yake na aliye chini yake, na wakishapangana ugomvi unapungua sana, mtu akitazamwa tu anapisha. Ukileta kundi jipya unavuruga daraja zote, za wenyeji na za wageni, kwa hiyo lazima wagombane. Huwezi kuzuia. Unachoweza ni kuwapa nafasi ya kukimbia na kuhakikisha anayekimbia anapata chakula.

Usiku je? Ukimpandisha mgeni kwenye fito gizani atalala salama, ni kweli, kuku hawaoni gizani. Lakini alfajiri banda bado limefungwa, wote wameamka na mgeni hana pa kukimbilia. Vita inakuwa chumbani badala ya uwanjani.

#9 Kuchi Damu

Mwalimu mimi nitakupinga. Usiku nimewaingiza mitetea mara nyingi tu na asubuhi sikuona kitu. Siri ni kuwahi kufungua mlango, kabla hakujapambazuka vizuri. Wakitoka wanakimbilia kutafuta cha kula wanasahau.

#10 Chaki na Jembe

Sawa, mitetea wawili watatu kwenye kundi kubwa, na wewe umeshaamka. Mtoa mada anaunganisha makundi mawili kamili, majogoo ndani. Hapo siwezi kumwambia usiku.

#11 Kerege kwa Mayai

Natokea Bagamoyo lakini bahari ni moja, niruhusuni.

Watu wengi wakisikia kuunganisha wanawaza banda moja. Kwani nani kasema lazima walale pamoja? Mimi nina makundi mawili ya umri tofauti, uwanja ni mmoja na mabanda ni mawili, na hayo mabanda sina mpango wa kuyaunganisha. Mchana kuku wana eneo, anayeonewa anaondoka. Ugomvi mbaya niliowahi kuuona unatokea sehemu tatu: kwenye chombo cha chakula, kwenye maji, na kwenye fito jioni. Ukitenganisha kulala umeshaondoa sehemu moja, zinabaki mbili.

Mpango wenyewe. Wageni wafungie kwenye banda lao mpaka walijue kuwa kwao. Kwa kuwa Mzee kakuandikia wiki tatu, hilo litajimaliza lenyewe. Wiki ya mwisho ya karantini, kama wote wazima, sogeza wavu au weka maji ya kuroila karibu na wavu wa wageni, waonane bila kugusana. Majogoo yatarukiana kwenye wavu, yaache. Weka gunia au makuti chini kimo cha goti mahali yanapokutana zaidi, yakipotezana macho yanaacha.

Siku ya kuwafungulia, fungua wageni jioni, saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Kuku jioni ana haraka, anataka kushibisha gole akalale. Watazunguka kidogo, giza likianza kila mmoja anarudi kwake. Kesho yake ongeza muda. Usiwafungulie asubuhi halafu ukaenda kazini ukarudi jioni kuuliza nini kimetokea.

Chakula weka sehemu nyingi kuliko makundi. Kama una makundi mawili weka vyombo vinne, mbalimbali, kiasi kwamba jogoo akilinda kimoja hawezi kulinda kingine. Hata pumba ukiimwaga kwa kuitawanya chini ya minazi ni bora kuliko chombo kimoja kizuri. Maji hivyohivyo. Halafu weka vizuizi: matawi ya mchungwa yaliyokatwa, meza mbovu, tairi zilizosimamishwa. Uwanja mweupe kama wa mpira ndio unaoua wanyonge.

Machicha ya nazi yanawakusanya haraka, ila msiyamwage sehemu moja siku za mwanzo, na yakichacha tupeni.

#12 Dada wa Duga

Kerege nimekuelewa vizuri sana. Niulize, ukimwona mmoja anadonolewa damu inatoka?

#13 Kerege kwa Mayai

Mtoe hapohapo. Kuku wakiona wekundu wa damu hawaachi, hata rafiki yake atadonoa. Safisha, paka ile GV, dawa ya vidonda ya zambarau, mfungie pembeni anapowaona wenzake, akikauka mrudishe. Usimfiche mbali akakaa wiki nzima, akirudi atahesabiwa mgeni upya. Na kama kuna mchokozi mmoja anayewaandama wote, usimtoe mnyonge, mtoe yeye. Akirudi baada ya siku chache atakuta nafasi yake imekaliwa.

#14 Mwanamkonge

Habari ya mbegu ya kuchi hamjamjibu shangazi.

Jogoo mmoja anatosha mitetea nane hadi kumi. Mtoa mada hebu hesabu majogoo uliyonayo. Kama yamezidi, kabla hata ya wageni kufika peleka mengine sokoni, bei ya jogoo unaijua. Uwanja wenye majogoo mengi kuliko mitetea, wanaoumia ni mitetea: migongo inabaki bila manyoya.

Mitetea ikishapandwa inatunza mbegu ya jogoo tumboni wiki mbili, wakati mwingine hadi tatu. Maana yake wakishachangamana uwanjani, yai la mtetea wa shangazi leo linaweza kuwa la kuroila aliyempanda juzi hata kama leo kamkuta na Bwana Mkubwa. Akitaka vifaranga vya kuchi halisi, mitetea yake mizuri minne mitano aifungie na Bwana Mkubwa peke yao, wiki tatu za mwanzo mayai yaliwe, kuanzia hapo ndipo aanze kukusanya ya kuatamisha. Akimaliza anawarudisha uwanjani. Hakuna njia nyingine, labda uuze majogoo yako yote.

Msidharau hilo jambo la shangazi. Kuroila walitengenezwa India kwa ajili ya kufugwa nyuma ya nyumba, wanakua haraka na wanataga vizuri, lakini kuatamia hawana habari nako. Ukichanganya kiholela vizazi viwili vitatu utakuwa na kuku wakubwa na hakuna wa kulalia yai. Mitetea yake ndiyo mashine zako za kutotolesha zisizotumia umeme.

#15 MamaChaza

Mwanamkonge umesema kweli tupu.

Chakula pia. Mtoa mada anawapa nini hao wanaotaga? Kama ni chakula cha watagaji, kina kalsiamu karibu asilimia 3.5 mpaka 4. Cha wanaokua kina asilimia 1 hivi. Kwa mtetea anayetaga hiyo ni gamba la yai, kwa kifaranga na pora ni mzigo kwenye figo. Wakila uwanja mmoja huwezi kumwambia kifaranga hiki si chako. Mimi nawapa wote chakula cha wanaokua, halafu maganda ya chaza na kome nayatwanga yanakuwa kama chenga za mchele, naweka kwenye kifuu pembeni. Anayetaga anayafuata mwenyewe, asiyetaga anayapita. Maganda pwani hayanunuliwi, ni kuinama tu maji yakitoka.

Vifaranga vyenye mama navyo vina siri yao. Tengeneza kizimba cha fito, nafasi kati ya fito na fito kifaranga apite, mkubwa asipite. Chakula chao ndani.

#16 Pora wa Pongwe

Mama Chaza hapo kwenye chenga za mchele nimekupata. Majogoo nimebakiza matatu, mengine yameenda.

Shangazi keshafika. Na kuku wote, kila mmoja, kamfunga kipande cha kanga mguuni. Kanga moja imekwisha yote. Anasema hataki mtu amwambie "huyu ni wetu". Hata vifaranga vimefungwa!

#17 Kerege kwa Mayai

Hahaha! Wakubwa sawa, vifaranga na mapora afungue leo hii. Mguu unakua na kitambaa hakikui, kinaingia kwenye nyama taratibu na manyoya yanakuficha usione. Chukua zile pete za plastiki za kufungia nyaya, rangi moja, ifunge kwa kulegeza kiasi kwamba kidole chako cha mwisho kiweze kupita katikati, mkia ukate. Kagua kila mara. Kwa vifaranga subirini wakue.

#18 Dada wa Duga

Mayai je? Maana hapo ndipo undugu unapokatika.

#19 Mwanamkonge

Mayai hayana dawa ya uhakika. Mtetea anapenda kutaga alipotaga mwenzake, akiona kiota kina yai anaona hapo ndipo pazuri. Watakaa foleni kwenye kiota kimoja huku vingine sita vitupu. Wengi wanataga asubuhi, kwa hiyo njia rahisi ni kuwachelewesha ndani mpaka saa nne, kila kundi kwenye banda lake, mayai mengi yanakuwa yameshatoka. Yatakayookotwa uwanjani, mgawane au yaende chai ya nyumba nzima. Rangi ya gamba inasaidia kidogo ila usiipeleke kwa shangazi kama ushahidi.

#20 Kuchi Damu

Kuna faida hamjaitaja. Hao kuroila wa watu, mwewe akipita juu wanamwangalia kama ndege ya watalii. Kuku wa kienyeji akiona kivuli tu anatoa mlio, na mlio wa adui wa juu siyo ule wa nguchiro au kenge. Wa juu ni mmoja mrefu mwembamba, wote wanalala chini kimya. Wa chini ni ule wa kokoko usiokatika, wanainua shingo kutazama. Kuroila wako wakikaa na kina Bwana Mkubwa watafuata milio hiyo. Mwili hauwaruhusu kukimbia sana lakini watajificha.

Kunguru ndio mtihani. Kwa vifaranga mpaka mama yake awe mkali.

#21 Pora wa Pongwe

Wakuu, mrejesho.

Karantini imeisha salama. Chanjo tumefanya na majirani wanne, kwa mtindo wa Mama Chaza wa kusubiri jicho lipepese. Ndui pia, na vipele vya bawani nimeviona kwa karibu wote, wachache nimerudia.

Jana jioni nimewafungulia. Mitetea ya shangazi ilitoka ikasimama mlangoni, haikuthubutu hata kuparua. Kuroila walikuja kundi zima kutazama. Mmoja akatangulia, mtetea wangu mwekundu ambaye siku zote ndiye anayekula kwanza, akanyoosha shingo mbele ya kishingo mmoja. Wakatazamana. Kishingo akaruka, miguu mbele, mara mbili tu, na yule mwekundu akageuka akaanza kudonoa majani yasiyokuwepo. Baada ya hapo ugomvi ulikuwa wa hapa na pale, hakuna damu. Matawi ya michungwa yamefanya kazi, wanazunguka upande wa pili wanapotezana.

Bwana Mkubwa sikumtoa. Namtoa zamu yake na majogoo yangu yakiwa ndani, mpaka nione. Shangazi kakubali kumfungia mitetea yake mitano kwa habari ya mbegu, na ndiye aliyependekeza mayai ya wiki tatu hizo yaliwe na sisi. Nimeona nisiulize mara mbili.

Giza lilipoingia mmoja tu wa wageni alipotea njia akaja kwenye banda la tofali. Nilimbeba nikamrudisha.

Ila nimegundua kitu nilipombeba. Kwenye uso wake kuzunguka macho na kwenye upanga kuna vitu vyeusi vidogo vimeshikana, ukivuta havitoki. Nimekagua wengine, wanavyo saba au nane. Hivi ni nini?

#22 Mashudu

Viroboto, wale wanaong'ang'ania. Wakishajishikiza hawaruki tena. Usiwavute kwa nguvu utachana ngozi. Wapake mafuta ya mgando mazito pale walipo, angalia yasiingie jichoni, watakosa hewa wafe wenyewe. Rudia.

Lakini hao walio kichwani ni sehemu ndogo. Mayai yao yanadondoka chini na watoto wanakulia kwenye mchanga na vumbi la banda, na huku pwani mchanga ndio wanaoupenda. Fagia banda la makuti lote, toa maranda ya zamani uyachome, nyunyiza dawa ya unga ya viroboto kwenye sakafu na chini ya viota kwa kipimo cha kwenye pakiti, rudia baada ya wiki mbili. Kwenye maungio ya miti angalia na papasi, hao wanatoka usiku tu, chukua tochi. Mpaka wiki mbili hizo ziishe wageni wasiogelee vumbi mahali pamoja na wako. Na mbwa kama unaye mkague masikio, anawabeba.

Kisha minyoo, wote kwa pamoja, pande mbili siku moja kama ulivyofanya chanjo. Ukimpa dawa huyu leo na yule mwezi ujao wanarudishiana uwanjani.

#23 Pora wa Pongwe

Nimekuelewa Mzee. Mafuta ya mgando nimeshachukua ya mke wangu, hajajua bado.

#24 Mpita Njia

Jamani uzi mzuri. Mimi niko Muheza, nina bata mzinga sita nataka nao wachungwe na kuku. Utaratibu ni huuhuu?

#25 Mashudu

Hapana. Bata mzinga na kuku usiwachunge uwanja mmoja. Kuku ana mnyoo mdogo wa utumbo, mayai ya mnyoo huo yanabeba kijidudu kingine kinachoshambulia ini, na mayai yenyewe yanakaa ardhini muda mrefu sana. Kuku anakivumilia, mara nyingi hutajua anacho. Bata mzinga anaharisha njano ya kiberiti na wanakufa mfululizo. Hata uwanja ambao kuku walikuwepo mwaka jana usimpeleke. Kama nafasi ni hiyo moja, chagua mmoja.

#26 Mpita Njia

Dah. Bata hawa wa kawaida je?

#27 MamaChaza

Hao wanachungika, tatizo lao ni maji tu. Bata akifika kwenye chombo anafua, dakika kumi pameshakuwa tope, na tope ndipo kuhara damu kunakomaliza vifaranga vya kuku kunapoanzia. Maji yao yaweke mbali, mahali penye mteremko, na ya kuku yainue juu ya matofali mawili.